Daktari wa Rais na Sahihi Yake

Daktari anapokula kiapo huapa kumtunzia mgonjwa siri yake. Mgonjwa akiwa ni mimi au wewe, msomaji, hapana shida, maana maumivu yangu ya tumbo hayamhusu jirani. Lakini je, mgonjwa akiwa ndiye Rais wa nchi?

Wafaransa wamelijua swali hili kwa uchungu. Rais wao Georges Pompidou alifariki Aprili 2, 1974 angali madarakani. Alikuwa na saratani ya damu, na kumbe wananchi walikuwa wakiambiwa ni mafua tu! Ndiyo sababu François Mitterrand, alipochaguliwa Mei 1981, aliahidi kutoa taarifa ya afya yake kila miezi sita.

Novemba mwaka huo huo madaktari walimkuta na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imekwisha kuenea mifupani. Rais akataka iwe siri. Daktari wake, Claude Gubler, akatii. Taarifa zikaendelea kutoka kama ilivyoahidiwa, zenye sahihi ya daktari, wala saratani haikutajwa. Mwaka 1988 Wafaransa wakampigia kura tena. Walikuja kusikia habari ya saratani Septemba 1992, alipopasuliwa, na hata hapo hawakuambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa wa tangu 1981.

Mimi simlaumu Daktari Gubler kwa kunyamaza. Kunyamaza ndiko kiapo chenyewe. Ninachomlaumu ni ile sahihi. Angeweza kusema, "Mheshimiwa, siri yako nitaitunza, lakini karatasi hii atie sahihi mtu mwingine." Pengine angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Lakini daktari akishaweka jina lake chini ya taarifa kwa taifa, hasemi tena na mgonjwa mmoja, anasema na kila mwenye kura, nao humwamini kwa sababu ya udaktari wake.

Wala sisi hatuna haja ya kuwacheka Wafaransa. Mwaka 1976, Mzee Kenyatta alipokuwa ameshakula chumvi nyingi na watu wakinong'ona juu ya atakayemrithi, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kuwa hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa, na adhabu yake ni kifo. Katika hali kama hiyo, nani angethubutu kumuuliza daktari chochote?

Mitterrand alitoka madarakani Mei 1995, akafariki Januari 8, 1996. Siku tisa tu baadaye Gubler akatoa kitabu, akieleza yote, na kudai kwamba kufikia mwisho wa 1994 Rais hakuwa tena na uwezo wa kuifanya kazi yake. Ati sasa ndipo anasema! Familia ikaenda mahakamani, na kitabu kikapigwa marufuku siku ya pili yake, nakala kama 40,000 zikiwa zimekwisha kuuzwa. Gubler akahukumiwa kifungo cha miezi minne cha nje kwa kutoa siri ya mgonjwa, kisha akafutwa katika orodha ya madaktari.

Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haikuwa haki marufuku ile kuendelea. Wakati huo kitabu kilikuwa kimesomwa zamani katika intaneti, kwani mtu mmoja mwenye mkahawa mjini Besançon alikinakili chote na kukitoa huko mwezi ule ule wa Januari 1996.