Tairi Lapasuka Karibu na Maungu

Njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa kadiri ya kilomita 480, na baina ya Mackinnon Road na Voi imenyoka sana, hata dereva aweza kusinzia macho yakiwa wazi. Hapo ndipo dereva mmoja wa lori, aliyechukua kontena la kwenda Kampala, alipopatwa na jambo ambalo madereva wote huliogopa. Tairi la mbele, upande wa kulia, lilipasuka.

Ilikuwa saa nane mchana. Huko Mariakani lori lilikuwa limepita juu ya mizani bila kosa. Lakini mizani hupima uzito tu, haipimi upepo uliomo ndani ya matairi. Tairi lenye upepo haba hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kuletako moto. Ukiongeza jua la nyika ya Taru na lami iliyochemka, mpira huachana na nyuzi zilizo ndani yake, wala dereva aliye juu haoni lolote.

Mshindo ulikuwa kama wa bunduki. Mara usukani ukajivuta kwenda kulia, na katika Kenya, ambako magari hushika kushoto, kulia ndiko yatokako magari mengine. Basi lilikuwa linakuja, limejaa abiria. Matairi ya nyuma hufungwa mawili mawili, moja likipasuka mwenzake hubeba mzigo. La mbele halina mwenzake.

Katika hatari kama ile mguu hukimbilia breki wenyewe. Lakini kukanyaga breki kwa nguvu ni kuutupa uzito wote juu ya gurudumu lililoharibika, huku trela likisukuma kwa nyuma. Mzee aliyemfundisha dereva huyu kazi alikuwa amemwambia mara nyingi, hata akachoka kusikia: shika usukani, sahau breki. Basi akaushika kwa nguvu zake zote. Akakanyaga mafuta kidogo, jambo lionekanalo kama wazimu, mpaka lori likanyoka. Kisha akauinua mguu polepole, akaliacha lipunguze mwendo lenyewe. Basi lilipita likipiga honi, karibu sana hata taniboi aliziona nyuso za abiria.

Walisimama kando, juu ya mchanga mwekundu. Dereva hakushuka upesi, kwa maana magoti yalikataa. Taniboi alikwenda nyuma kuweka pembetatu za tahadhari, akaokota vipande vya mpira, na katika kimoja akakuta msumari, kichwa chake kimesagika na kung'aa, dalili ya kuwa umesafiri siku nyingi.

Alfajiri, kabla ya kuondoka Mombasa, kijana huyo alikuwa amelipiga tairi hilo kwa chuma, akasema sauti yake si nzuri. Dereva, akiwa na haraka ya kuwahi foleni ya mizani, alimjibu kwamba watalitazama Voi. Habari hiyo huisimulia mwenyewe, bila kuulizwa.

Kubadili gurudumu kuliwachukua muda wa saa mbili. Usiku, walipofika Voi, alimpigia mkewe simu, akamwambia kuwa wamecheleweshwa na joto.