Mtoko na Mzee: Siku Moja Unguja

Hebu tuambiane ukweli, msomaji. Ukisikia neno Zanzibar, unamkumbuka nani? Kwa mliooa na kuolewa, huenda ni fungate, au ile wikiendi mliyokwenda kupatana baada ya ugomvi mkubwa. Kwa ambao bado, kuna picha ya mtu fulani pale ufukweni Nungwi ambayo mpaka leo hujaifuta. Kikazi nako tumekwenda, semina ya siku tatu na posho yake. Lakini na mzazi? Nilipouliza swali hilo ofisini kwetu, hakupatikana hata mmoja aliyewahi kumpandisha baba au mama yake boti, akashinda naye huko siku nzima.

Na si kwamba hatuwapendi. Kizazi chetu kinapenda kwa simu. "Shikamoo baba, umeiona hiyo pesa?" "Marahaba mama, imeingia, Mungu akubariki." Dakika moja na nusu, imekwisha. Kuonana ni kwenye misiba, harusi na Krismasi, na huko kote kuna kamati, kuna michango, kuna wajomba. Mzazi unamwona kwa mbali ameketi meza kuu, unampungia mkono.

Sasa ngoja nikupe ya kwangu, maana siku moja ya Unguja ilileta habari ambayo ilikuwa imekaa Mafinga muda mrefu ikisubiri mtu wa kuambiwa.

Mzee wa mbao

Kwa wasiopajua, Mafinga iko kama kilomita 80 ukitoka Iringa kuelekea Mbeya. Ukishuka kwenye basi, baridi inakupokea kabla ya wapiga debe. Ni mji wa mbao. Jirani yake ni Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na maisha ya watu yanazunguka kwenye miti: kuna anayepanda, anayekata, anayepasua, anayepakia kwenye lori, na anayewauzia wote hao chai na maandazi. Baba alikuwa wa kupasua. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 na vidole vyake vyote kumi anavyo, jambo ambalo analitaja kwa majivuno kama wewe unavyotaja shahada yako.

Mama alifariki mwaka 2019. Tangu hapo mzee alibaki na nyumba ya vyumba vinne, kuku, na ekari sita za misindano ambazo yeye na mama walizipanda mwaka 2009 kijijini. Tumemwomba mara ngapi ahamie Dar es Salaam! Anasema Dar ni mahali pa kwenda hospitali.

Na kweli, Juni 2023 alikuja kwa ajili ya macho. Kliniki ikaisha Jumatano, basi la kurudi alikuwa amekata la Ijumaa. Alhamisi ikabaki wazi. Usiku tukiwa mezani nikasema, "Baba, kesho twende Unguja, turudi jioni?"

Akamaliza kutafuna kwanza. "Inawezekana kwenda na kurudi?"

"Inawezekana."

"Basi twende."

Hivyo tu. Mume wangu alitamani sana kuja, nikamwomba abaki na watoto. Kati ya maamuzi yote ya safari ile, hilo ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Mkiwa watatu, mzazi anageuka mgeni rasmi. Mkiwa wawili, atazungumza tu, hata kama ni kwa kuchoka kunyamaza.

Kusi haina adabu

Tulichukua boti ya kwanza ya asubuhi. Ni mwendo wa kama saa mbili, na bei ni ile ambayo kijana mwenye mshahara anaitumia kwa chakula cha jioni cha wawili bila kufikiri. Baba alivaa koti zito la Mafinga na sweta ndani yake, Dar es Salaam hii. Sikusema kitu. Mzazi na koti lake usiwaingilie.

Tatizo ni kwamba Juni ni msimu wa kusi, na boti ilipotoka tu kwenye mlango wa bandari ikaanza kuruka. Wahudumu wakapita wakigawa vile vifuko, si unajua tena. Baba alikuwa hajawahi kupanda chombo cha baharini. Alishika kiti kwa mikono miwili, akaniuliza kina cha maji ni kiasi gani, halafu akaniuliza kama hao wanaoendesha usiku walilala. Wewe ukipanga safari hii kati ya Juni na Septemba, kaeni chini na kwa nyuma, huko mtikisiko ni mdogo, na chai ya tangawizi mnywe mapema. Kitambulisho cha mzazi kikae mfukoni mwako. Na katikati ya siku mwachie nafasi alipe kitu. Baba alilipia urojo wetu, bakuli mbili, kwa noti alizozitoa kwenye soksi, na kuanzia hapo alitembea kama mwenyeji.

Utajiri wenye boriti

Nilikuwa nimepanga kumwonyesha bahari. Yeye alitazama paa.

Tulipoingia Mji Mkongwe, kwenye jumba la kwanza tu ambalo mlango wake ulikuwa wazi, alisimama akainua kichwa. "Hizi ni nguzo za nini?" Nikamwambia ni boriti za mikoko. Akapima chumba kwa hatua zake, akaingia kingine, akapima tena. Kumbe ndivyo ilivyo: upana wa vyumba vya nyumba hizi za zamani uliamuliwa na urefu wa boriti, mita tatu na kidogo hivi, kwa hiyo hata tajiri wa kutisha aliishi kwenye chumba chembamba kirefu. Baba alifurahi kupita kiasi. Kwa muda mrefu ameambiwa kwamba kisiwa hiki ni cha matajiri, na sasa alikuwa amewakamata kwenye fani yake.

Na utajiri ulikuwepo kweli. Karibu mwaka 1840 Seyyid Said alihamishia makao yake hapa kutoka Maskati, na karafuu za Unguja na Pemba zikaja kutawala soko la dunia. Pembe za ndovu zilipita hapa. Mwaka 1883 Sultani Barghash akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na taa za umeme na lifti wakati huku kwetu bara watu hawajaona hata kibatari. Tulilikuta limezungushiwa uzio, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi wawili. Baba alichungulia muda mrefu. "Maji," alisema. "Maji yakishaingia kwenye mbao hayaangalii cheo."

Utajiri wa leo ni wa watalii, na huo aliuhesabu kwa njia yake. Hoteli moja tuliingia kuomba juisi. Aliposoma bei akaigeuza kuwa mbao za mbili kwa nne, akatangaza kwa sauti idadi yake, tukatoka. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kwa mbao: kikoi, kofia, chumba cha kulala wageni. Kuna chumba kilikuwa lori zima.

Alipunguza maneno tulipofika Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao juu ya kiwanja kilekile. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mbao ya mti wa Chitambo, Zambia, ule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa. Kwa kawaida baba angeuliza ni mti gani na umekaushwa vipi. Hakuuliza. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Baba akamuuliza aliyekuwa anatuongoza, "Walitokea wapi hawa?" Akajibiwa kwamba wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakipitishwa Kilwa.

"Nyasa ni huku kwetu," baba akasema, akavua kofia.

Hatukuzungumza mpaka tulipofika Jaws Corner.

Swali la kwenye kahawa

Jaws Corner ni ile njia panda ya Mji Mkongwe ambapo wazee hukaa barazani wakinywa kahawa kwa vikombe vidogo na kujadili dunia. Baba alikaribishwa, akapewa kashata, akaulizwa atokako.

"Mafinga."

"Wapi huko, mzee wangu?"

"Kwenye mbao za paa lako."

Wakacheka, wakamsogezea nafasi. Mimi nikakaa pembeni na simu yangu, sikio liko huko. Wakazungumza bei ya karafuu, bei ya mbao, presha. Halafu mzee mmoja, kwa upole kabisa, akauliza, "Na bibi umemwacha bara?" Baba akasema alitangulia mwaka 2019. Wote wakatoa pole, kimya kikapita. Kisha yule mzee tena, "Na hujaoa?"

Baba alinitazama mimi, akatazama kikombe. "Bado," akasema.

Msomaji, mtu asiye na jambo anasema "hapana". Nililibeba lile "bado" kutoka Jaws Corner hadi Forodhani. Tulikaa chini ya mti, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, watalii wanapiga picha. Baba akasema bila kunitazama, "Mama, yule mzee ameniuliza swali zuri."

Yaani nilinyanyuka nikaenda kununua maji, na maji tulikuwa nayo. Niliporudi akanieleza. Ni mjane wa parokiani, ana miaka 58, anauza viazi sokoni. Namfahamu: siku tatu za msiba wa mama ndiye aliyesimamia masufuria. Hilo nililiona jema na baya kwa wakati mmoja, sikujua nilishike upande gani. Nikaiona kanga ya mama iliyobaki nyuma ya mlango wa chumba cha baba. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu.

"Kwenye simu ningeanzia wapi? Wewe uko ofisini, mimi nimesimama kwenye kilima natafuta mtandao."

Kisha nikauliza lile ambalo watoto wote huuliza, hata wanaojifanya wasomi: shamba je? Na hapo ndipo niligundua kuwa mzee alikuwa amelifikiria zaidi yetu. Hati ya hakimiliki ya kimila waliyopewa na kijiji ina majina mawili, lake na la mama. "Ile miti tulipanda na mama yenu. Itakuwa yenu. Nyumba nitakaa na huyu, nikifa mtamwacha aishi humo mpaka naye Mungu amchukue. Waeleze wadogo zako. Nimeona nianze na wewe."

Nikamuuliza kama anampikia vizuri. Akasema, "Mimi ndiye ninayepika. Yeye yuko sokoni mpaka jioni."

Hapo nilicheka, na nadhani hicho kicheko ndicho alichokichukua kama ruhusa. Kwenye boti ya jioni alilala usingizi mzito, mawimbi na yote.

Kikao cha ndugu

Usifikiri yaliisha kirahisi. Mdogo wangu wa kiume alizima simu wiki mbili. Dada yetu mdogo alilia, halafu akauliza harusi lini. Agosti tukapanda basi wote watatu hadi Mafinga, tukakaa na mzee sebuleni tukiwa na makoti, mama wa viazi akaingia na chupa ya chai, akasema "Kamwene", akatuacha tuongee. Hilo la kutuacha lilimjengea heshima kubwa kwangu. Kesho yake tulikwenda ofisi ya kijiji, mzee akayasema yote mbele ya mtendaji na mashahidi, yakaandikwa, tukatia sahihi. Mnaocheka mambo ya maandishi kwenye familia, subirini.

Ndoa ilifungwa Februari 2024, misa ya kwanza ya asubuhi, watu hawakuzidi 40, hakukuwa na kamati. Ile kanga ya mama nilipewa mimi, amenikabidhi yeye mwenyewe, imefuliwa na kukunjwa.

Kilichobaki ni misindano. Mdogo wangu anataka ikatwe mwaka 2027 akamalizie nyumba yake Kigamboni. Baba anasema mti wa miaka 18 bado ni mtoto, akiuacha mpaka 22 atapata mbao za maana. Mama wa viazi hasemi kitu. Mimi niko upande wa baba, lakini nimeshamwambia mdogo wangu ampeleke mzee mahali siku moja, wawili tu, wakalijadili huko. Anasema atafikiria.