Vyombo vya Unix ndani ya mashini ya Windows

Katika parokia na seminari zetu, ordinatere karibu zote zimefika na Windows ndani. Moja ilitolewa zawadi na marafiki wa Ulaya, ingine ilinunuliwa Goma sokoni. Hakuna anayesubutu kuondoa ile Windows, kwa maana hesabu za parokia ziko mle, na mashini ya kuchapa karatasi imezoea ile tu. Lakini vyombo vingine vyenye kutufaa sana kwa kulinda maandiko vilizaliwa katika ukoo mwingine, ukoo wa Unix. Je, sherti tufukuze Windows kusudi tuvipate? Hapana. Tutaeleza namna gani.

Kwanza tuonyeshe ni kwa faida gani. Sheria ya Kanisa, kanoni 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na paroko avilinde vizuri. Lakini huku kwetu watu wanahama kila siku. Kijana anabatizwa milimani Masisi, anashuka Omate kutafuta zahabu, halafu anataka kuoa Bukavu. Kule wanamuomba hati ya ubatizo. Na kitabu kiko wapi? Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza, na Walikale-centre mwezi wa tatu. Mtu anayekimbia na watoto mgongoni hawezi kubeba vitabu vya miaka makumi. Ndiyo maana ni vizuri maandiko ya vitabu yanakiliwe katika ordinatere, na nakala ziwekwe katika flashi mbili tatu, pahali mbalimbali. Basi swali linabaki: nani anajua kama nakala zote tatu zingali sawasawa?

Unix ilizaliwa Marekani mwaka 1969, katika nyumba ya Bell, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Desturi yake ni hii: chombo kidogo kifanye kazi moja tu, lakini vizuri. Kimoja kinapanga mistari kwa utaratibu, kingine kinahesabu, kingine kinatafuta. Mwaka 1973 waliongeza mrija, kufuata wazo la Doug McIlroy: kile kinachotoka katika chombo cha kwanza kinaingia moja kwa moja katika cha pili. Windows ilijengwa kwa desturi ingine. Chombo cha Unix kikiomba jambo kwa lugha yake, Windows haisikii.

Dawa ni za namna mbili: kuweka mkalimani, ao kumjengea mgeni nyumba yake ndani ya lupango.

Mkalimani wa zamani anaitwa Cygwin. Steve Chamberlain wa kampuni Cygnus alimuanzisha mwaka 1995. Chombo cha Unix kinatengenezwa upya kidogo kwa ajili yake. Kiisha, kila kinapoomba jambo, Cygwin inageuza lile ombi katika lugha ya Windows na kurudisha jibu. Ni kazi ya kweli, lakini mkalimani anakawia, zaidi pale chombo kimoja kinapozaa vingine vingi. Tena tangu toleo 3.4 la mwaka 2022, Cygwin imeacha Windows za biti 32, ni kusema mashini nyingi za wazee. MSYS2 ni mtoto wake, na Git Bash inatumia huyo mtoto.

Nyumba ndani ya lupango ni WSL ya kampuni Microsoft yenyewe. Ile ya kwanza, ya mwaka 2016, ilikuwa bado ukalimani. Ile ya pili, iliyotangazwa mwaka 2019, ina kiini kamili cha Linux kinachoishi katika mashini ya kuwaziwa, ndani ya mashini ya kweli. Kila kitu kinatembea mle. Lakini inakula kumbukumbu nyingi, na sherti kwanza kushusha mzigo mkubwa kwa intaneti. Kwa mtu wa Goma mwenye mashini mpya, vema. Kwa yule anayeishi kwa jua la plaki moja, tusimdanganye: siyo njia yake.

Sisi tunapendelea BusyBox. Bruce Perens aliianza katika miaka ya 1990 kusudi vyombo vingi vya Linux vienee katika diskete moja. Iko ile iliyotengenezwa kwa Windows: fishie moja tu, busybox.exe, haidai kusimikwa wala intaneti. Unaitia katika flashi, unaifikisha hata Omate kwa miguu.

Tuione kazini. Vitabu vimeandikwa katika Excel na kulindwa kwa namna ya CSV. Fungua dirisha jeusi la amri pahali fishie ziko, andika:

busybox sh

Sasa uko kwa Unix. Andika tena:

sha256sum *.csv > orodha.txt

Kila fishie inapewa alama yake ya herufi na tarakimu 64. Ukigeuza hata nukta moja, alama yote inageuka. Peleka orodha pamoja na nakala, na siku ingine, kwa mashini ingine, uulize:

sha256sum -c orodha.txt

Fishie nzima inajibiwa OK, iliyogeuka inajibiwa FAILED. Lakini tuangalie: chombo hiki kinasema kwamba nakala mbili zinaachana, hakisemi ni ipi yenye ukweli. Hapo ni kurudilia kitabu cha karatasi chenye sahihi za mapadri. Nakala ya ordinatere haikipokei nafasi.

Kwa kutafuta mtu aliyeandikwa mara mbili, kama jina lake na ya wazazi ziko katika nguzo ya 2 mpaka ya 5:

cut -d';' -f2-5 ubatizo.csv | sort | uniq -d

Excel ya kifaransa inatenga nguzo kwa alama ya. Ndiyo sababu tumeiweka. Sort inatangulia, kwa maana uniq inalinganisha tu mistari inayofuatana. Na yule aliyeandikwa Bahati huku na Bahathi kule, chombo hakitamuona. Macho ya katekista yatamuona.

Kuna mtego mmoja unaosumbua wengi. Windows inamaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Unix kwa moja. Fishie mbili zinasomeka sawasawa kwa macho, na bado alama 64 zinaachana. Kabla ya kutengeneza orodha, andika dos2unix ubatizo.csv, na zote zitakuwa za namna moja. Usiifanye nyuma ya orodha, kwani kila kitu kitajibiwa FAILED na utashituka bure. Tena, jina la fishie lenye nafasi katikati, kama Ubatizo 2024.csv, uliweke kati ya alama za kunukuu, sivyo Unix itadhani ni fishie mbili.