Hesabu ya Keki za Mahafali
Keki ndogo zilizookwa katika vikombe vya karatasi hupendeza mezani siku ya mahafali, hasa zikipambwa kwa vikofia vya wahitimu. Mhitimu anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza akinyoosha mkono, jamaa humpokonya sahani kwa huruma. Fedheha iliyoje, siku yake mwenyewe! Anachohitaji ni kujua ajidunge insulini kiasi gani, na jibu analo mwokaji. Gramu 30 za sukari laini katika pambo la keki moja ni kama vijiko 7 vya chai. Tena robo tatu hivi ya uzito wa unga wa ngano ni wanga. Mwokaji apime vyote, ajumlishe, agawanye kwa idadi ya keki, kisha aiandike hesabu hiyo kwenye kadi kando ya sinia.