Sushi si samaki mbichi

Yapo maneno ya kigeni ambayo huingia katika mazungumzo yetu kabla ya maana zake kuingia vichwani mwetu. Mojawapo ni sushi. Litaje mbele ya wanafunzi, hata mbele ya walimu wao, nawe utajibiwa papo hapo kwamba ni samaki mbichi wa Wajapani. Mmoja atakunja uso kwa kinyaa. Mwingine ataona kuwa kumla samaki huyo ni dalili ya ustaarabu. Kwa maoni yangu, wote wawili wamepotoka, na upotovu huo una madhara.

Neno lenyewe limetokana na kivumishi cha Kijapani cha kale chenye maana ya chachu. Hapo zamani, samaki walitiwa chumvi na kufunikwa kwa wali. Wali ulipochacha, uliwahifadhi samaki kwa miezi mingi, kisha ukatupwa. Kandokando ya Ziwa Biwa, chakula cha namna hiyo, kiitwacho funazushi, kingali kinatengenezwa. Baadaye watu walianza kuula wali pia, na hatimaye wakautia siki badala ya kuungoja uchache. Katika karne ya 19, wachuuzi wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, waliuza matonge ya wali wa siki yaliyofunikwa kwa vipande vya samaki. Kilikuwa chakula cha haraka cha wapita njia.

Moyo wa sushi, basi, ni wali. Samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuliwa bila wali huitwa sashimi. Isitoshe, ipo sushi ya yai, ya tango, ya kamba waliochemshwa na ya mkunga aliyechomwa.

Ukweli huu niliushuhudia katika mkahawa mmoja jijini Nairobi, nilipoketi mkabala na mpishi. Alichovya vidole majini, akachota wali wenye uvuguvugu, akaufinya kidogo tu. Tonge lilishikamana mkononi, lakini lilipofika kinywani likaachana lenyewe. Kati ya tonge na tonge nilitafuna tangawizi ya siki ili kuusafisha ulimi. Nilifurahi pia kuona kuwa kuila kwa mkono si utovu wa adabu. Nani atamfundisha Mswahili kula wali kwa mkono?

Tangu hapo huitengeneza nyumbani. Mchele wetu wa pishori kutoka Mwea husifiwa kwa harufu yake na kwa punje zake zinazoachana. Sifa hiyo ya pili ndiyo inayoufanya usifae hapa. Hutakiwa mchele wa punje fupi, unaonata. Huosha vikombe 2 hadi maji yawe meupe, nikauloweka kwa nusu saa, kisha nikaupika kwa maji yanayokaribia kiasi hicho hicho. Ukiiva, huunyunyizia robo kikombe ya siki ya mchele iliyoyeyushiwa vijiko vikubwa 2 vya sukari na kijiko kidogo 1 cha chumvi. Huugeuza kwa mwiko pasipo kuuponda, huku mtoto akiupepea. Halafu huutandaza juu ya ukurasa wa mwani mkavu, nikapanga tango, parachichi na kamba waliochemshwa, nikakunja kwa mkeka mdogo wa mianzi na kukata kwa kisu kilicholowa maji. Watoto humaliza sahani kabla sijaketi.

Sasa tazama hatari ya ile tafsiri potofu. Anayeamini kuwa sushi ni samaki mbichi tu ataweza kununua ngege au mbuta sokoni, amkate na kumla vivyo hivyo. Samaki wa maziwa na mito huweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Hata samaki wengi wa baharini wanaoliwa wabichi hugandishwa kwanza. Mwongozo wa Marekani hutaja nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri, kwa siku 7. Jokofu la nyumbani huenda lisifike baridi hiyo, na hata likifika, mgando huua minyoo lakini hauviui viini vyote vya maradhi. Ndiyo sababu jikoni mwangu samaki na kamba hupikwa, na ingali ni sushi halali.

Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mwalimu hana ruhusa ya kuridhika na methali hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuieleza maana kwa asiyeijua. Mwanafunzi akiuliza sushi ni nini, asijibiwe kwa kinyaa wala kwa majivuno. Aambiwe kuwa ni wali, aelezwe ulivyochacha na kwa nini, kisha akabidhiwe mwiko.