Kiti cha Mwekahazina Kiko Wazi Malaba

Mpakani, katibu wa tawi la chama hapotei kwa kufa tu. Leo yuko Malaba akiwasaidia mawakala wa forodha kukimbiza karatasi za malori, kesho ameshafungua kibanda Sofia, upande wa Uganda wa mji wa Busia, na daftari la wanachama limebaki chini ya godoro. Mwenzake ameajiriwa naibu wa chifu. Huyo ametolewa na sheria yenyewe, kwani Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 hairuhusu mtumishi wa umma kushika wadhifa chamani. Wa tatu amehamia chama kingine bila kuandika barua, na jina lake bado linasomwa kikaoni.

Pengo huzibwaje? Kwa utaratibu, kikao huitishwa, akidi ikitimia jina hupendekezwa, mwingine akaliunga mkono, kumbukumbu zikaandikwa na kupelekwa ngazi ya juu. Mtaani, simu hupigwa saa mbili usiku. Anayeutaka uwakilishi wadi humtafuta mpwa wa rafiki, picha ya kitambulisho ikatumwa kwa WhatsApp, na kufikia asubuhi mwekahazina mpya amepatikana, ingawa hajawahi kushika hata shilingi moja ya chama. Mara nyingi ni mama au kijana. Hakuna aliyetaka kusikia maoni yake. Orodha ilijaa wanaume na mtu akakumbuka kanuni ya theluthi mbili ya kijinsia.

Aprili 26, 2024, chama cha UDA kilipoanza uchaguzi wake wa mashinani, Busia ilikuwa katika kundi la kwanza la kaunti tano, na kura zikapigwa kwa vishikwambi. Sawa. Lakini kishikwambi huhesabu kura tu, hakimzuii katibu kuvuka mpaka.

Ng'ambo nako kuna funzo, japo kamati zao za LC1 ni za serikali ya kijiji, si za chama. Baada ya uchaguzi wa 2001, Waganda walikaa miaka 17 bila kuzichagua upya. Julai 10, 2018 wakapanga mstari nyuma ya wagombea, kweupe, jirani akimwona jirani. Sisi wa huku mlolongo unatukumbusha KANU na uchaguzi wa 1988, na hatuutamani. Hata hivyo, jina lililopatikana mbele ya watu kumi chini ya mwembe lina uzito kuliko lililopatikana kwa simu, na ukiwa na malalamiko utapata mashahidi. Utawahitaji, maana jopo la mizozo ya vyama hutaka kwanza uonyeshe ulijaribu kusuluhisha ndani ya chama.

Si viongozi tu wanaopatikana hivyo: mwaka 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Kwa hiyo, msomaji wa Busia na Malaba, kagua jina lako. Kisha muulize mwenyekiti wa tawi lako kikao cha mwisho kilikaa lini, na umwombe akuonyeshe daftari.