Je, Wajua? Bahari Ikipata Joto, Mbuzi wa Garissa Hutupa Mimba

Je, wajua kuwa kuna ugonjwa wa mifugo unaoweza kutabiriwa kwa kupima joto la bahari? Ni Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya.

Kirusi chake hujificha ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes. Mayai hayo hukaa miaka katika udongo mkavu wa mabondeni bila kuharibika. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakatuama, huanguliwa, na baadhi ya mbu hutoka tayari wakiwa na kirusi. Kondoo wenye mimba wakiambukizwa na mbu hao, huitupa karibu wote. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa: anayechinja, anayechuna ngozi, anayemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu.

Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, mtaalamu wa wadudu, na Assaf Anyamba, mchambuzi wa picha za satelaiti, pamoja na wenzao, walionyesha kuwa joto la bahari za Pasifiki na Hindi, ambalo huleta mvua hizo kubwa, likisomwa pamoja na ukijani wa malisho, linaweza kutoa onyo hadi miezi mitano kabla. Hakuna taaluma moja ambayo ingeliona hilo peke yake.

Mvua za mwisho wa 2006 zilitanguliwa na onyo la aina hiyo. Mwezi Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, kisha ukavuka hadi Tanzania. Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155. Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Chanjo ya mifugo ilianza wakati moto umeshawaka. Minada ikafungwa, watu wakaogopa nyama, na mfugaji akakosa pesa ya unga. Hasara kama hiyo wafugaji wa Somalia walikwisha kuionja mwaka 1998, Saudi Arabia ilipopiga marufuku mifugo yao kwa hofu ya ugonjwa huohuo.

La kuumiza zaidi ni kwamba wafugaji wa Kisomali wa eneo hilo la Kenya walikuwa wameona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi ajabu, mifugo ikivuja damu puani. Ujuzi wao ulistahili kiti katika meza moja na satelaiti.

Leo Kenya ina kitengo kinachowakutanisha madaktari wa watu na wa mifugo, na Tanzania ina dawati la Afya Moja, yaani afya ya watu na ya wanyama pamoja, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni hatua njema, lakini dawati halifiki zizini.

Basi wewe mfugaji, mvua kubwa ikifuatiwa na mbuzi wengi kutupa mimba, usichinje, usichune, wala usinywe maziwa mabichi. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo.